Mwero Bisichi

Kaka yangu Mwero aliitwa Bisichi mpaka akaingia kaburini, na hata leo ukilitaja jina hilo pale Tiwi, wazee waliobaki watakuelekeza kwetu. Si jina la ukoo, wala si la kuzaliwa. Ni neno la Kizungu, na alijivika mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

Naeleza kwa sababu wajukuu zake siku hizi wanasema babu yao alikuwa mtu mkubwa, alikuwa akizungumza na serikali. Alizungumza nayo, ndiyo. Nilikuwepo.

Kwanza nimpe haki yake. Mwero alizaliwa na ulimi. Kidigo chake kilikuwa kitamu, na Kiswahili chake ukikisikia utakaa kitako hata kama ulikuwa unapita. Mtu akitaka kuposa, Mwero ndiye aliyetumwa. Jirani yetu Garama aliwahi kuapa binti yake haolewi na nyumba ile ng'ambo ya mto, hata waje na nini. Mwero akaingia kwake asubuhi, jua halijakaza. Adhuhuri akatoka na ndiyo mkononi, na Garama mwenyewe anamsindikiza mpaka njiani huku anacheka na kujifuta macho. Sasa niambie, mtu kama huyo Kizungu alikitakia nini?

Lakini alipata kazi Diani, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa peke yake. Tulimwita Mama Kofia, kwa sababu kofia hakuivua hata akiwa ndani ya nyumba. Mwero alifagia, akapiga pasi, akapanga meza. Bibi huyo alikuwa mkongwe, tena mtu wa dini yake, na kila asubuhi kabla ya chai alisimama dirishani akasoma maombi kwa sauti. Mwero anapanga vikombe, masikio yako dirishani. Akasikia neno moja linarudi na kurudi, bisichi, bisichi. Akamwuliza maana yake. Bibi akamwambia ni kuomba, lakini si kuomba hivi hivi, ni kuomba kwa moyo wote, kwa unyenyekevu. Na kwa mzaha wake wa kizee, tangu siku ile yule bibi akawa anamwambia, "Ai bisichi yu, Mwero, chai." Basi ndugu yangu akajua hivyo ndivyo Wazungu wa heshima wanavyoombana.

Mwaka wa uhuru Mama Kofia alifunga nyumba akarudi kwao. Watumishi wengine wa Wazungu tuliwaona wakirudi vijijini na masufuria, mashuka, mmoja na baiskeli. Mwero alirudi na neno.

Alilitumia kama mtu aliyenunua viatu vipya. Asubuhi unamsikia anamwambia mkewe, "Bimkubwa, ai bisichi yu, maji ya kuoga." Bimkubwa anampelekea maji, akirudi jikoni anasema na nafsi yake. Akikaa kula, "Nakubisichi chumvi." Akienda kununua samaki kwa Chome, "Chome, nakubisichi, nichagulie mwenye mafuta." Chome, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alimjibu, "Bisichi yako kaitie kwenye mchuzi, samaki ni huyu."

Hakukoma. Alikwenda mbele akawa anatufundisha sisi wengine. Ati kuomba ni kwa kila mtu, kubisichi ni kwa mwenye adabu. Akisimulia habari za watu anawavika neno lake bila ridhaa yao. Mwalimu Zahoro, aliyekuwa akisomesha Kurani na kutusalisha, alimwomba siku moja amshikie ngazi msikitini. Mwero akarudi anatwambia, "Hakuniomba. Alinibisichi." Siku nyingine mbuzi wa watu aliingia kwenye mihogo yake. Nilimkuta amesimama mbele ya mbuzi amekunja mikono, anambisichi atoke. Mbuzi anatafuna.

Tulicheka, lakini tulicheka pembeni. Miaka ile mwanamume mwenye maneno machache ya Kizungu hata kutembea kwake kulibadilika. Watu walianza kumpisha njiani. Kumbe Kizungu chake chote kingeenea kwenye kisosi: yesi sa, veri gudi, chai redi, na hilo bisichi. Mimi nilijua. Nimekaa naye tumbo moja, ningekosaje kujua?

Sasa nije kwenye njia.

Watu wetu walikuwa wakizikwa kule chini mwambani, karibu na bahari, tangu hatujazaliwa. Njia ya kwenda huko ilipita katikati ya shamba la minazi ambalo mwenyewe hatukuwahi kumwona. Haikuwa na alama. Ilikuwa njia ya miguu tu, ila ilikuwa pana, kwa sababu jeneza hubebwa na watu huku na huku, wakipokezana mabega. Ukiikuta njia pana vile katikati ya minazi, ujue ni ya wafu. Kisha shamba likauzwa. Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa mjini, naye akataka kuzungushia ua wa waya mpaka baharini. Tukasikia kuwa kabla ya kutiwa bikoni za mipaka, DO mpya, yaani afisa wa serikali wa wilaya, atakuja kusikiliza wenye malalamiko.

Mama yetu, Mishi, alikuwa hai bado, lakini miguu ilikuwa imemvimba, hainuki kitandani ila kwa kushikwa. Baba alikuwa ametangulia mwaka uliopita, yuko kule mwambani. Mama hakuwa na dai jingine duniani. Alitaka alazwe karibu na mumewe. Alilisema asubuhi, alilisema jioni, na kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa hilo kabla hajauliza miguu inaendeleaje.

Wazee wakakutana wachague msemaji. Na hapa ndipo walipopotea, wote, si Mwero peke yake. Enzi za Mzungu, bwana shauri alikuja na Kiswahili chake kigumu, lakini tulisikizana. Sasa tunaletewa kijana mweusi mwenzetu kutoka bara, amesoma mpaka chuo kikuu. Wazee wakasema huyu ukimwendea na Kiswahili atakuona mshamba, atajua uhuru umetukuta tumelala. Lazima asemezwe Kizungu. Na nani kwetu ana Kizungu? Macho yote yakamwendea Mwero. Naye akainamisha kichwa kama bibi harusi.

Jioni nilimfuata barazani kwake. Nikamwambia, "Kaka, kaseme kama ulivyosema kwa Garama. Usiongeze kitu."

Akanitazama kwa huruma, mimi niliyesoma chuoni kwa Mwalimu mpaka juzuu ya pili nikaacha. "Asiya, mambo ya serikali huyajui," akasema. "Nakubisichi, nenda kalale."

Siku yenyewe ilipofika alipita kwa mama kuaga. Alikuwa ameazima koti, limembana makwapa. Mama akamshika mkono.

"Waambie mume wangu yuko pale," akamwambia. "Uliyembeba ni wewe. Waambie hilo tu, mwanangu."

"Nitawaambia, mama."

Mkutano ulikuwa Tiwi, kwenye baraza la ghala la mbata. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake tulikaa chini uani, juani, lakini tulisikia kila kitu. DO alikuwa kijana msafi, shati limepigwa pasi, na kitu cha kwanza alichofanya aliwaamkia wazee shikamoo, mmoja mmoja. Nilimpenda hapo hapo. Kisha akasema kwa Kiswahili, si kibaya, "Wazee wangu, semeni kwa lugha yenu. Mimi nawasikia vizuri, na karani wangu yupo."

Mlango ule pale, wazi. Mtu mwenye akili angepita.

Mwero akasimama. Akavuta koti. "Sa," akasema, "wi bisichi yu."

Barazani wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. DO akangoja. Hakuna kilichofuata.

"Ndiyo, bwana. Mnaniomba nini?" akauliza kwa Kiswahili.

"Wi bisichi yu, sa. Veri machi."

DO akatabasamu. Sitamsingizia, hakutabasamu kwa ubaya. Akasema, "Bwana, neno hilo umelipata wapi? Mimi mara ya mwisho kulisikia nilikuwa mtoto, kanisani, shule ya misheni, tumepiga magoti."

Mwalimu Zahoro akainua uso. "Ni neno la sala?" akauliza.

"La sala, mwalimu. Sala zetu Wakristo. Ni la zamani mno, Wazungu wenyewe hawaombani chai kwa neno hilo. Labda vikongwe."

Aliyecheka kwanza ni mtu wa yule mnunuzi, karani wake, aliyekaa upande wa pili na kofia gotini. Kisha wakacheka watu wetu. Walianza wale wa nyuma, wakafuata wa mbele, maana kicheko cha mtu aliyekuwa akijizuia muda mrefu kikitoka hakishikiki. Chome alilala ubavu. Uani, wanawake wakavuta kanga midomoni, na mimi nikahisi uso unaniwaka kama niliyeinamia chungu. Wote wanajua ni ndugu yangu. Wote wananitazama wanione ninatazama wapi.

DO akanyamazisha watu. Kisha akauliza swali, na swali lile nimelala nalo maisha yangu yote. Akasema, "Haya, tuseme kwa Kiswahili sasa. Huyu karani wa mnunuzi anasema njia hiyo haitumiki. Nataka kujua jambo moja. Nani wa mwisho kupitishwa humo?"

Jibu lilikuwa baba yetu. Bega lililombeba lilikuwa hilo hilo, ndani ya hilo koti. Ilikuwa ni kufungua kinywa na kusema, baba yangu, mwaka jana, nilimbeba mimi. Mtoto anayetambaa angesema.

Mwero akasema, "Yesi, sa."

"Yesi nini, bwana?"

"Yesi, sa."

Jasho lilikuwa linamtoka likiingia kwenye kola. Najua alichokuwa akikiona: akirudi kwenye Kiswahili sasa, mbele ya wale wanaocheka, amekiri kuwa Kizungu hana na hakuwahi kuwa nacho. Akachagua kutokiri.

Mtanambia, kwa nini mwingine asijibu? Kwetu mtu akitumwa kusema, maadamu amesimama, mwingine hafungui kinywa. Kumkata kauli msemaji wako mbele ya wageni ni kumvua nguo. Anayetaka kumwachia mwenzake, anakaa. Hana haja ya kueleza, anakaa tu, na anayefuata anainuka. Mwalimu Zahoro alikuwa tayari, nilimwona amekwisha kuvuta miguu. Mramba naye alikuwa tayari, ndiye aliyechimba kaburi la baba. Walichongoja ni Mwero akae. DO akauliza tena, akawatazama wazee wote, "Hakuna anayejua?" Wazee wakamtazama Mwero. Mwero amesimama.

Niliinuka mimi. Askari aliyekuwa ngazini akashusha fimbo mbele yangu, akasema, "Mama, ngoja zamu yako." Nikangoja zamu. Ungeiona wewe, mimi sikuiona.

Yule karani wa mnunuzi ndiye aliyesema. Akasema Kiswahili chepesi, kimenyooka. Ati pale pana vichaka tu, ati watu hawa wana makaburi mengine mazuri kando ya barabara kuu, na bwana wake yuko tayari hata kuwapa chokaa ya kuyapaka. DO akatazama saa. Alikuwa akingojewa Msambweni. Akasema kama wazee wana neno zaidi wamfuate Kwale, akawaaga kwa adabu vile vile alivyowaamkia, akapanda gari. Vumbi lilipotua Mwero alikuwa bado amesimama.

Wazee walifunga safari ya Kwale baadaye, baada ya kugombana wenyewe kwa wenyewe. Walikuta bikoni zimekwisha kutiwa, wakaambiwa wamechelewa.

Siku ile nilirudi naye nyumbani. Nilitaka apite moja kwa moja kwake, lakini mama alikuwa amesikia hatua. Akaita. Tukaingia. Mama alikuwa ameomba aegemezwe ukutani, amevaa kanga yake nzuri, kama anayengoja wageni.

"Umewaambia?"

Mwero alikaa chini. Pale, chumbani kwa mama, alikaa.

"Mwero. Umewaambia baba yako yuko pale?"

Mama akanigeukia mimi. Nami nikamwambia yote, mpaka koti. Bimkubwa alinilaumu baadaye, akasema ningemficha mgonjwa. Nimfiche kwa nini? Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakumgombeza. Aliniambia nimlaze, na nilipomlaza akageukia ukutani. Tangu hapo waliokuja kumjulia hali aliwaeleza habari za miguu tu.

Basi tukawa watu wa kuchekwa. Nikienda kisimani nasikia, "Dada, nakubisichi kamba." Nikienda kwa Chome ananiuliza nimekuja kununua au kusali. Wapo waliomwendea Mwalimu Zahoro kwa siri kumwuliza, mtu aliyebisichiwa mwaka mzima bila kujua ana dhambi gani. Mwalimu aliwajibu hana dhambi, ila asirudie. Mume wangu alirudi sokoni siku moja akaniomba nisimtaje tena Mwero kama shemeji yake mbele ya watu. Na mimi sikuweza kumkasirikia. Nilikuwa nikipita njia za nyuma ili nisikutane na mtu, mimi, binti wa nyumba ambayo watu walikuwa wakija kuazima maneno.

Mwero aliliacha neno. Aliacha na mengine yote. Hakuna aliyemtuma tena kuposa, na angetumwa asingekwenda. Akitaka chumvi alinyoosha kidole. Watu walisema amepata adabu. Mimi naona alitubania maneno baada ya kutuharibia.

Mama alifariki mwezi wa Shaabani, alfajiri. Tulimwosha mimi na Bimkubwa na mwanamke mwingine wa jamaa. Nilipomaliza nikainama sikioni nikamwambia nimemsamehe kila kitu na anisamehe. Hayo yalikuwa kati yangu na yeye.

Kwetu jeneza halitoki mlangoni mpaka mtoto mkubwa wa kiume asimame mbele ya watu amwombee marehemu radhi. Aseme, huyu mama alikuwa jirani yenu, aliishi nanyi, kama alimkosea mtu kwa neno au kwa kitendo, anaomba msamaha. Watu wajibu, tumemsamehe. Ndipo abebwe. Mtoto mkubwa wa kiume alikuwa Mwero, na uani watu walijaa. Kila mmoja alikuja na masikio mawili. Wengine, Mungu anawaona, walikuja kusikia lugha gani itatoka.

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya mlango. Nilimwona mgongo. Hakuwa na koti, alivaa kanzu ya baba. Alisimama mpaka watu wakaanza kukohoa. Mwalimu Zahoro akamwambia polepole, "Sema, Mwero."

Akasema kwa Kidigo, sauti ya chini, haitafuti mtu wa kuisifu. "Mama alitaka kulala karibu na baba," akasema. "Leo tunampeleka barabarani, kwa watu asiowajua. Nilitumwa niseme, sikusema. Niwieni radhi."

Uani hapakuwa na aliyecheka. Chome alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mwalimu akangoja kidogo, labda Mwero aongeze la marehemu, kisha akaona haongezi. Akajibu yeye kwanza, "Tumesamehe." Watu wote wakafuata, tumesamehe, na nyuma ya mlango wanawake wakaitikia, na Bimkubwa aliyekuwa bega kwa bega nami aliitikia huku analia. Akanigusa kwa kiwiko.

Wakamwinua mama. Walipofika kwenye njia panda wote wakapinda kulia, kuelekea barabara kuu, na Mwero alikuwa mbele, bega la kulia. Kushoto waya ulikuwa unang'aa, mpya.

Watu walisema siku ile Mwero alisema maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kusema. Huenda. Alisema vizuri, tena kwa lugha yake, na ilimchukua muda mfupi kuliko kukohoa. Ndiyo maana wenzangu waliposema tumesamehe, mimi sikuitikia. Mama radhi yangu alikuwa nayo, nilimpa sikioni. Ile ya mlangoni Mwero alijiombea mwenyewe. Pale nyuma ya mlango Bimkubwa alinigusa tena kwa kiwiko, nikasogea pembeni nikaanza kukunja mkeka aliooshewa mama.